Swali la Choo: Maoni Kuhusu Kuhama kwa Mpira wa Dayalisisi ya Tumbo

Mgonjwa anayesafishwa damu kwa njia ya tumbo ameyakabidhi maisha yake kwa mpira mmoja laini wa silikoni, mwembamba kuliko kalamu. Kwa mtu mzima, maji ya dawa yapatayo lita 2 huingia tumboni kupitia mpira huo, hukaa humo saa kadhaa yakivuta uchafu na maji ya ziada kutoka kwenye damu, kisha hutolewa na mengine yakaingizwa. Kazi hiyo hufanyika aghalabu mara 4 kwa siku, na haina siku ya mapumziko. Mpira ukikaa mahali pake, mwenye nao hupika, hufundisha, huuza dukani, huenda harusini. Ukihama, maji huingia vizuri lakini hukataa kutoka. Na baada ya siku chache miguu imevimba, pumzi imekuwa fupi, na familia inatafuta nauli ya kwenda mjini.

Nauli hiyo si jambo dogo. Katika Afrika Mashariki mashine za kusafisha damu zimekusanyika zaidi mijini, na anayezitegemea hutakiwa kufika kwenye mashine mara 3 kwa wiki. Wengi humudu mara 2, na wengine hukaa wakihesabu fedha badala ya kuhesabu siku. Aliyechagua dayalisisi ya tumbo aghalabu aliichagua kwa sababu anaishi mbali na mashine, au kwa sababu ana kazi asiyoweza kuiacha. Kwake yeye, mpira uliohama unaweza kuwa mwanzo wa kuhama kwake mwenyewe: kuacha shamba, kuacha darasa, kupanga chumba karibu na hospitali ya rufaa.

Katika mazungumzo ya wodini tukio hilo huelezwa kwa namna mbili. Ama mgonjwa “ameuvuta” mpira, ama daktari wa upasuaji “hakuuweka sawa.” Maoni ya makala hii ni kwamba maelezo hayo mawili, japo kila moja lina ukweli wake, hutufanya tusitazame sababu ya tatu, ambayo ni ya kawaida mno na rahisi kuliko zote kuizuia: utumbo uliojaa choo kigumu, ambao hakuna mtu aliyeuliza habari zake.

Tuutazame kwanza mpira wenyewe. Umbo lake la msingi lilitolewa na Henry Tenckhoff na mwenzake Schechter huko Seattle, Marekani, mwaka 1968, na jina la Tenckhoff limebaki nao hadi leo. Ni bomba la silikoni lenye matundu madogo mengi upande wa ndani, na lenye pete mbili za nyuzi za polyester. Pete ya ndani huwekwa kwenye msuli wa tumbo na ya nje huwekwa chini ya ngozi. Nyama huota ndani ya nyuzi hizo na kuushika mpira. Ndiyo sababu wiki za mwanzo, kabla nyama haijaota, ni wiki za hatari. Ncha ya ndani hukusudiwa kulala chini kabisa, katika bonde la nyonga. Huko ndiko maji yanakokusanyika kwa uzito wake, na ndiko pazia la mafuta linaloning'inia mbele ya utumbo lisikofika kwa urahisi.

Lakini zingatia jambo hili, ambalo wagonjwa wengi hawajaelezwa: ncha hiyo haijafungwa na kitu chochote. Pete zimeushika mpira mahali unapopita ukutani mwa tumbo tu. Ndani, ncha inaelea kama kamba ya ngalawa majini. Inabaki nyongani maadamu mwelekeo wake unaielekeza huko na hakuna kinachoisukuma. Kwa hiyo kuuliza “nani ameuvuta?” ni kuuliza swali finyu. Swali pana zaidi ni hili: nini kiliisukuma, na nini hakikuielekeza?

Kinachoisukuma, mara nyingi, ni utumbo mpana. Sehemu yake ya mwisho, pamoja na puru, imo katika bonde lile lile la nyonga ambamo ncha ya mpira inapaswa kulala. Choo kikikaa humo siku tatu au nne, kinajaza nafasi, kinakuwa kigumu, na utumbo uliotanuka huinua ncha kuelekea juu; utumbo unapojikunja na kusukuma, huichukua pamoja nao. Hata pale ambapo ncha haijahama hata kidogo, mzigo huo huweza kuubana mpira na kuyaziba matundu yake. Kwa mgonjwa aliyekaa nyumbani na mfuko wake, hali hizo mbili hazina tofauti: maji yameingia, maji hayatoki, au yanatoka kwa kudondoka na kwa mgonjwa kugeuka huku na huku.

Sasa tujiulize ni nani mwenye choo kigumu. Jibu ni: karibu kila mgonjwa wa figo tunayemhudumia, na sehemu kubwa ya ugumu huo tumeuandika sisi wenyewe kwenye cheti cha dawa. Vidonge vya kalsiamu vinavyozuia fosfeti hufunga choo. Vidonge vya madini ya chuma hufunga choo. Kodeini na tramadoli, anazopewa baada ya upasuaji ili asiumie, hufunga choo katika siku zile zile ambazo mpira bado haujashikwa na nyama. Mgonjwa mwenye kisukari cha miaka mingi ana utumbo unaotembea polepole hata kabla ya dawa hizo. Juu ya yote amekatazwa kunywa maji mengi.

Kisha kuna suala la chakula, nami naomba nikae hapo kidogo. Mgonjwa wa mashine ya damu, anayesafishwa siku 2 au 3 tu kwa wiki, hukusanya potasiamu katikati ya siku hizo, na kwa haki kabisa huonywa juu ya ndizi, maparachichi, maharage na mboga za majani. Onyo hilo limeenea hadi limekuwa sheria ya “wagonjwa wa figo” wote. Lakini anayesafishwa kwa njia ya tumbo husafishwa kila siku, na potasiamu yake huweza kushuka chini kuliko inavyotakiwa. Potasiamu ikishuka, misuli ya utumbo hulegea. Hivyo tunampata mgonjwa ambaye damu yake inahitaji mchicha na papai, naye anakula ugali mtupu na mchuzi kwa kutii onyo alilopewa mtu mwingine mwenye tiba nyingine. Utii wake ndio unaomfunga choo. Simwambii msomaji aanze kesho kula ndizi kumi. Namwambia aulize kipimo chake cha mwisho cha potasiamu kilisomaje, na amwombe mtaalamu wa lishe ampangie chakula kwa kipimo hicho, si kwa uvumi wa benchi la kliniki.

Kwa nini hatuulizi? Sababu ya kwanza ni haya. Kiswahili chenyewe kina adabu nyingi kuhusu jambo hili: mtu huenda haja, huenda uani, huenda msalani, huenda kujisaidia, na mswahili aliyelelewa vizuri hatamki zaidi ya hapo. Muuguzi wa miaka ishirini na mitano anamkuta mzee wa miaka sabini. Amempa shikamoo, amempima shinikizo la damu, amekagua tundu la mpira. Atamwuliza vipi baba wa umri wa babu yake habari za choo? Akiuliza kwa kupitia mbali, “Mzee, tumbo linaendeleaje?”, atajibiwa “Twamshukuru Mungu, mwanangu,” na jibu hilo litaandikwa kwenye faili kuwa hakuna tatizo.

Haya si kosa, na hatuna haja ya kuivunja. Inatosha kuizunguka kwa adabu yake. Swali likitanguliwa na sababu, halina tena uso wa udadisi: “Shikamoo mzee. Mpira wako umelala jirani na utumbo, na choo kikikaa sana kinauhamisha. Kwa hiyo nitakuuliza kila ukija, usinione sina adabu. Mara ya mwisho kupata choo ilikuwa lini? Kilikuwa laini au kigumu? Ulilazimika kujikamua?” Maswali matatu, nusu dakika. Mgonjwa akisikia swali hilo katika kila ziara, huzoea. Na akizoea, ataanza kuyasema mwenyewe kabla hajaulizwa, tena siku ya pili ya kukosa choo, wala si ya sita. Kwa mama mtu mzima, ni vyema aulizwe na muuguzi mwanamke pale inapowezekana, pembeni, si mbele ya mkwe aliyemsindikiza.

Sababu ya pili ni cheo cha jambo lenyewe. Dawa ya kulainisha choo haina heshima. Hakuna anayeisomea shahada ya uzamili. Katika raundi ya asubuhi tutajadili hemoglobini kwa dakika kumi, na laktulosi haitatajwa. Lakini mgonjwa wa dayalisisi ya tumbo anapaswa kupata choo laini walau mara 1 kila siku, na asipokipata kwa chakula na mwendo wa miguu, akipate kwa dawa, kama anavyopewa dawa ya shinikizo. Laktulosi, sena na bisakodili hutumika kwa kawaida. Dawa za kuharisha zenye magnesiamu, na zile za kunywa au za kuingiza njia ya haja kubwa zenye fosfeti, zisitumike kwa mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi, kwa kuwa madini hayo hujilimbikiza katika damu na yanaweza kuua. Vivyo hivyo mizizi ya kuharisha inayouzwa sokoni: muuzaji hajui kilichomo, wala figo zilizokufa haziwezi kukitoa. Mgonjwa aende dukani akiwa na jina la dawa aliloandikiwa, asimwachie muuza duka achague.

Faida ya choo laini haiishii kwenye mpira. Utumbo uliofungana huweza kupitisha vijidudu kwenye ukuta wake hadi katika maji ya dayalisisi, na mwongozo wa mwaka 2022 wa Jumuiya ya Kimataifa ya Dayalisisi ya Tumbo, ISPD, kuhusu maambukizi ya utando wa tumbo unagusa suala hilo la kufunga choo pamoja na lile la potasiamu kushuka. Swali moja la aibu, basi, linalinda vitu viwili.

Nimesema ncha husukumwa. Pia huelekezwa, na huko ndiko kazi ya chumba cha upasuaji ilipo. Silikoni ina kumbukumbu ya umbo lake. Ufito mbichi ukiuinamisha na kuufunga, unatamani kunyooka kila saa hadi kamba ilegee. Mpira ulionyooka nao, ukikunjwa kwa nguvu chini ya ngozi ili tundu lake la nje litazame chini, hufanya kazi hiyo hiyo ya ukaidi. Mwisho wake mmoja huisukuma pete ya nje kuelekea kwenye ngozi, na mwisho mwingine huitoa ncha nyongani. Kwa ajili hiyo ilibuniwa katika miaka ya 1980, kwa kazi ya Zbylut Twardowski na wenzake huko Missouri, mipira yenye shingo iliyopindwa tangu kiwandani, mfano wa shingo ya bata maji. Hata hivyo majaribio yaliyolinganisha aina za mipira hayajatoa mshindi wa wazi. Kwa maoni yangu, hospitali yenye bajeti finyu isihangaike kuagiza mpira wa bei kubwa kabla haijahakikisha mambo ambayo hayana bei: kipimo, mwelekeo na mahali.

Kipimo hufanyika juu ya ngozi kabla ya kisu. Mpira hulazwa tumboni ukianzia mfupa wa kinena, ili ijulikane pete ya ndani itaingia wapi na ncha itaangukia wapi. Mtu mrefu na mtu mfupi hawana alama moja. Mwelekeo hupatikana kwa kuupitisha mpira ndani ya msuli kwa mshazari ukielekea chini nyongani, badala ya kuutumbukiza wima. Na pale penye kamera ya tumbo, daktari huona kwa macho ncha ilipolala, na huweza kulishona juu pazia la mafuta lililo refu mno ili lisije likaumeza mpira. Kibofu kiwe tupu mgonjwa anapoingia, hasa kwa wazee wenye tezi dume iliyokua, na utumbo uwe umesafishwa tangu siku iliyotangulia. Hili la mwisho nalirudia makusudi. Kuuweka mpira juu ya utumbo uliojaa ni kujenga juu ya udongo unaotembea.

Kuhusu mahali, vitabu vya nje husema tundu lisiwe kwenye mstari wa mkanda. Ni kweli, lakini wagonjwa wetu hawavai mikanda tu. Mama wa pwani hufunga kanga kiunoni na kuipiga fundo au kuichomeka. Mvuvi hufunga kikoi. Mama mwenye mtoto mchanga hupitisha mbeleko tumboni. Wengi hutumia choo cha kuchuchumaa, hupika kwenye jiko lililo chini, huinama shambani, na Mwislamu hurukuu na kusujudu mara tano kwa siku. Mkunjo wa tumbo unaoonekana mtu akiwa amelala mezani si ule unaotokea akichuchumaa. Kwa hiyo alama ya tundu ichorwe kwa wino mgonjwa akiwa macho, amevaa nguo zake za kila siku, akisimama, akikaa na akichuchumaa, naye mwenyewe aone kama jicho lake linaifikia na mkono wake unaifikia. Fundo la kanga likikaa juu ya tundu, litausugua na kuuvuta mpira mara mia kwa siku, na hakuna plasta itakayoshinda hilo. Kazi hii haihitaji profesa. Muuguzi mwenye kalamu ya wino usiofutika anaitosha.

Hapo ndipo tunapofika kwa yule anayelaumiwa kwamba ameuvuta. Mpira huvutwa kweli: kwenye daladala iliyojaa, na mtoto anayepanda mapajani, usingizini, au pale kipande cha nje kinapoachwa kining'inie kwa uzito wake. Dawa yake ni kuubana mpira kwenye ngozi kwa plasta, umbali mfupi kutoka kwenye tundu, ukiwa na ulegevu kidogo, ili mvuto wowote uishie kwenye plasta usifike kwenye pete. Kipande cha nje kihifadhiwe kwenye mfuko mdogo wa kitambaa cha pamba uliofungwa kwa utepe laini usiokandamiza tundu. Fundi cherehani yeyote wa mtaani atauvika ubunifu wake, na kuna wagonjwa wanaopenda uwe wa kitenge. Bandeji ya kwanza baada ya upasuaji isifunguliwe-funguliwe. Iachwe siku 5 hadi 10 isipokuwa imelowa au ina dalili mbaya. Maji ya dayalisisi yasubiri wiki 2 inapowezekana. Na pale ambapo hali ya mgonjwa hairuhusu kungoja, yaanze kwa kiasi kidogo, mgonjwa akiwa amelala.

Tunapomwambia mama asinyanyue mizigo kwa wiki 4 hadi 6, tujue pia tunasema na nani. Ndoo ya lita 20 haitajibeba yenyewe kutoka bombani. Agizo hilo akipewa peke yake, atalitii siku mbili, na siku ya tatu atakwenda kisimani kwa kuwa watoto wana kiu. Huyo si mkaidi. Tumempa yeye agizo lililopaswa kupewa mume, wifi, na kijana wa kidato cha pili anayelala hadi saa mbili siku ya Jumamosi. Mkutano mmoja na familia kabla ya upasuaji, ambamo kila mmoja anatajiwa kazi yake, unalinda mpira kuliko karatasi tatu za ushauri.

Katika figo zilizokufa ghafla, hasa kwa watoto na kwa akina mama waliotoka kujifungua, hali ina ukali wake. Tangu mwaka 2009 Hospitali ya KCMC mjini Moshi imeonyesha kwamba dayalisisi ya tumbo inawezekana kwa wagonjwa hao hapa Tanzania, na taarifa ya kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2012. Miongozo ya ISPD kuhusu hali hiyo, ya mwaka 2014 na ya 2020, inakubali kwamba pale ambapo mpira maalumu haupatikani, mpira mwingine unaweza kutumika ili kuokoa maisha. Lakini mipira hiyo ya dharura mara nyingi haina pete za nyuzi. Imeshikwa na uzi na plasta pekee. Hapo kuhama si jambo la miezi, ni la usiku mmoja. Anayepokea zamu aukague mpira kwa alama ya wino iliyowekwa mahali unapoingia kwenye ngozi, na aandike alama hiyo iko wapi, kama anavyoandika kiasi cha maji yaliyoingia na yaliyotoka.

Wapo watakaosema nimelikuza suala la choo. Pazia la mafuta likishaukumbatia mpira, hakuna laktulosi itakayolifungua; mpira uliowekwa kwa mwelekeo mbaya utarudi juu hata utumbo ukiwa mweupe kama karatasi. Nakubali. Hata hivyo hoja yangu ni juu ya mpangilio. Maji yakikataa kutoka, mgonjwa aangalie kwanza kama kibano kiko wazi na mpira haujakunjika chini ya nguo, kisha ageuke, asimame, atembee. Asiongeze mfuko mwingine juu ya maji ambayo hayajatoka. Apige simu kituoni. Kituo nacho kiulize habari za choo na za mkojo, kitibu utumbo, na kiagize eksirei ya tumbo. Picha hiyo itaonyesha ncha iko wapi na, mara nyingi, itaonyesha pia choo kilivyojaa. Nyuzi nyeupe zikionekana kwenye maji, heparini inaweza kusaidia. Waya wa kunyoosha mpira na kamera ya tumbo vina zamu yao baada ya hapo. Ninachokipinga ni mgonjwa kupelekwa moja kwa moja kutolewa mpira, au kuandikiwa mashine ya damu, kabla utumbo wake haujapewa siku mbili za kufunguka.

Kinyume chake pia hutokea. Eksirei iliyopigwa kwa sababu nyingine inaonyesha ncha iko juu, chini ya ini, na kila mtu anashtuka, ilhali maji yanaingia na kutoka bila shida. Mpira huo uachwe. Tunamtibu mgonjwa, hatuitibu picha. Na kuna hali moja isiyongoja swali lolote: maji yakitoka yakiwa na ukungu kama maji ya mchele, au kukiwa na homa au maumivu makali ya tumbo, safari ni ya hospitali saa hiyo hiyo, pamoja na mfuko wenye maji hayo.

Limebaki suala la kujipima. Mwongozo wa ISPD wa mwaka 2019 kuhusu mipira hii umeweka viwango: baada ya miezi 12, zaidi ya asilimia 80 ya mipira iwe bado inapitisha maji vizuri, na zaidi ya asilimia 95 pale ilipowekwa kwa mbinu za juu za kamera ya tumbo. Kituo kisicho na daftari hakiwezi kujua kiko wapi katika viwango hivyo. Daftari ninalolifikiria lina mistari na safu, kalamu na kamba ya kuifunga kalamu isipotee: tarehe ya kuwekwa mpira, nani aliuweka na kwa njia gani, mgonjwa alichorewa alama akiwa amechuchumaa au hapana, utumbo ulisafishwa au hapana, dawa ya choo aliyoondoka nayo siku ya kuruhusiwa, na, pale mpira ulipoacha kufanya kazi, siku ngapi zilikuwa zimepita tangu apate choo. Safu hiyo ya mwisho ijazwe kabla ya safu ya jina la daktari wa upasuaji na kabla ya ile inayosema “mgonjwa ameuvuta.” Ikibaki tupu, muuguzi mkuu airudishe kwa aliyejaza, amwombe aende kitandani akaulize.